Mwewe Kwenye Njia ya Tabora

Gari lilipotoka bandarini Dar es Salaam, kila aliyelizunguka alikuwa na neno la kusema kuhusu maandishi ya mlango wake wa nyuma. Ni Toyota Harrier ya toleo la pili, lile ambalo mitaani tumelipachika jina la "tako la nyani". Nyuma limeandikwa HARRIER na 240G, na mbele kwenye grili limebeba nembo ya ndege, mwewe wa rangi ya fedha. Kwetu gari jipya ni lile ambalo halijawahi kuvaa namba ya Tanzania, hata kama limeshatembea Japani miaka kumi na zaidi, na hili lilikuwa bado linaongea Kijapani kila ukiwasha ufunguo.

Mpwa wangu, kijana anayependa magari kuliko chakula, alitaka nembo zote zing'olewe. Alisema mlango mtupu unaonyesha umbo la gari, na mwenye macho atalitambua bila kusomewa. Fundi mmoja wa Gerezani alikuwa na wazo jingine: mwewe atoke, iingie herufi L ya Lexus, kwa kuwa gari hili lilipopelekwa Marekani na Ulaya liliuzwa kwa jina la Lexus RX na bodi ni ileile. Jirani yangu, mtu wa tahadhari, alinishauri niing'oe nembo mwenyewe na kuifungia kabatini kabla vijana wa usiku hawajanitangulia. Nembo, site mira na taa vina soko mjini; ndiyo maana magari mengi ya Dar es Salaam yamechongwa namba kwenye kila kioo.

Niliwaambia wote wasubiri. Nilikuwa naelekea Tabora kwa mara ya kwanza maishani, kumwona shangazi yangu, dada wa baba, aliyeolewa na mtu wa reli na kubaki huko hata baada ya mumewe kufariki. Mpwa wangu angekuwa dereva mwenzangu. Suala la nembo, nikasema, tutalizungumza barabarani.

Hatukupita Kibaha. Nilitaka kuanzia Bagamoyo, kwa kuwa njia ya Tabora ilianzia hapo kabla ya reli na kabla ya lami. Tulisimama kidogo Caravanserai, pale misafara ilipokuwa ikitua mizigo, kisha tukashika barabara ya Msata kuelekea Chalinze. Mwezi Juni 1857 wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke waliondokea Kaole, jirani tu na Bagamoyo, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Burton alihesabu siku 134. Mbele ya msafara wao alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, amejitanda kitambaa chekundu, kichwani amevaa ngozi ya mbega, mkononi ameshika bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliyochanwachanwa na miiba. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na bendera ya Marekani ikitangulia. Kila kijiji kilijua wanaokuja ni watu wa nani kabla hakijawaona nyuso.

Nilimwambia mpwa wangu habari hizo tukiwa tunapita mashamba ya nanasi. Alisikiliza, kisha akajibu kwa utulivu.

"Mjomba, bendera ilikuwa ya mwenye msafara. Hii nembo ni ya kiwanda. Kiwanda kilishalipwa hela zake. Kwa nini nizunguke nchi nzima nikikitangazia bure?"

Hiyo ni hoja nzito na sikutaka kuipuuza. Mtu amenunua gari kwa fedha yake, amelipa ushuru bandarini, anajaza mafuta mwenyewe. Kampuni ya huko Japani haichangii hata lita moja. Anayeng'oa nembo kwa sababu hiyo anadai mali yake iwe yake kweli, na kudai hivyo si majivuno. Tena alikuwa na hoja ya pili iliyoungana na hiyo. Nchini kwetu watu wamezoea kumpima mtu kwa herufi za nyuma ya gari lake. Tumeliita gari la mkubwa "shangingi", tumejifunza kutofautisha VX na V8 tangu utotoni, na wapo wanaobandika V8 kwenye gari lisilo na V8 ili wafunguliwe geti haraka. Kijana aliniambia kwamba mlango mtupu unawanyima watu kipimo hicho. Wakutane na mtu kwanza. Nilimheshimu kwa neno hilo.

Tulilala Morogoro. Asubuhi, tukiwa tumepita Dumila na Gairo, milima ikaanza kutuacha na nchi ikafunguka kuelekea Dodoma, nikapata la kumjibu, na lilitoka kwenye bidhaa iliyobebwa na njia hii kuliko nyingine zote kwa kwenda bara: nguo.

Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na meli za bandari ya Salem zikawa zinashusha Zanzibar majora ya kitambaa kizito, kisichopaushwa, kilichofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Hiyo ndiyo amerikani. Ilibebwa mabegani hadi Unyamwezi na kuvuka hadi Ujiji. Ililipa ujira wa wapagazi, chakula cha njiani, pembe za ndovu. Ilipimwa kwa shuka na doti kama leo tunavyohesabu noti. Viwanda vya Uingereza viliona soko hilo vikajaribu kuiga amerikani, lakini wanunuzi wa bara hawakudanganyika. Walishika kitambaa, wakakivuta, wakakiangalia ufumaji wake, wakataka kilekile walichokizoea. Ilipozuka vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani mwaka 1861 na pamba ikaadimika, ndipo nguo za Bombay zilipopata mwanya wa kweli.

Nilimweleza mpwa wangu kwamba mtu wa Ugogo au Unyamwezi aliyeulizia amerikani hakuwa akimtangazia biashara mwenye kiwanda wa Massachusetts, ambaye hakumjua na hakuwa na haja ya kumjua. Alikuwa anajilinda yeye. Jina lilimhakikishia kwamba doti aliyopewa leo itadumu kama ile ya mwaka juzi, na lilimpa haki ya kuikataa isipofanana nayo. Nembo ya kitu ni ahadi kuhusu kitu, na anayefaidika na ahadi hiyo ni yule aliye nacho mkononi, na atakayekipokea baada yake.

"Basi, Mjomba, aliyeiga ndiye mwenye kosa," alisema. "Asiyeandika kitu hajamdanganya mtu."

Ni kweli. Tangu hapo tulikubaliana juu ya jambo moja, kwamba herufi L ya fundi wa Gerezani haitagusa gari letu. Harrier na Lexus RX ni ndugu wa tumbo moja, lakini hili lilitoka kiwandani kama Harrier, kadi inasema Harrier, na kumbandika jina la ndugu yake aliyelelewa Ulaya ni kumwambia uongo kila anayetufuata barabarani. Yaliyobaki yalikuwa kati ya kuandika ukweli na kunyamaza.

Dodoma na viunga vyake ni Ugogo, nchi ambayo misafara iliiogopa kwa mifuko yake. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kila msafara uliotaka kupita, kwa sababu maji ni ya kwao na chakula ni cha kwao. Stanley alilipa huko Mvumi kabla ya kuendelea. Sisi tulisimamishwa na trafiki kabla ya Bahi. Askari alitazama gari mbele, akazunguka nyuma, akarudi dirishani akaomba leseni na kadi. Alilinganisha alichokisoma kwenye mlango na kilichoandikwa kwenye kadi, akaturudishia, akatutakia safari njema. Ilichukua muda mfupi kuliko kusimulia.

Ukitoka Bahi barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, si mbali na Kilimatinde ambako misafara nayo ilipanda. Ni mlima unaolidai gari. Katikati ya mlima mkanda wa injini ukaanza kulia, kisha taa ya chaji ikawaka. Kwenye injini hii mkanda mmoja ndio unaozungusha jenereta, pampu ya maji na vingine vyote, kwa hiyo ukikatika, maji hayazunguki na injini inachemka. Tulizima kiyoyozi, tukapanda polepole, tukaingia Manyoni mkanda ukiwa umebaki nyuzi.

Fundi wa stendi alikuwa mzee mpole. Alitazama tu akasema mkanda huo hana, ila Singida upo. Mpwa wangu akapiga simu kwa muuza spea wa Singida. Nilimsikia akisema, "Harrier, kaka. Tako la nyani." Upande wa pili wakauliza swali, akazunguka nyuma ya gari, akasoma kwa sauti: "Mia mbili arobaini G." Hilo ndilo swali la maana kwa gari hili. 240G ni injini ya silinda nne ya lita 2.4, 300G ni V6 ya lita tatu, na mikanda yao haibadilishani. Mkanda ulipanda basi siku hiyohiyo, ukafika jioni, na fundi akaufunga kwa mwanga wa simu.

Sitaki kulikuza tukio hilo. Mzee yule angeweza kusoma msimbo wa injini kwenye kibao kilicho ndani ya boneti, na ninavyomjua fundi wa zamani, angefanya hivyo. Namba ya chesisi ipo, kadi ipo. Gari lisilo na nembo halipotezi utambulisho wake wa kisheria hata kidogo. Lakini kibao cha ndani ya boneti kinasomwa na fundi, na kadi inasomwa na askari. Maandishi ya nyuma yanasomwa na kila mtu: dereva wa lori aliyetupita mlimani akapunguza mwendo kuuliza kama tunahitaji msaada, mama wa kibanda cha chai aliyetuelekeza kwa fundi "anayeyajua maharia", mtoto atakayeshuhudia ajali na kuulizwa ni gari gani lililokimbia. Mjini, ambako kila mtaa una fundi wako na rafiki zako, unaweza kuishi bila wasomaji hao. Njia ya Tabora unawahitaji.

Kesho yake tukapita Itigi na kuingia Mgunda Mkali. Hili ndilo pori lililowatisha wapagazi kati ya Ugogo na Unyamwezi: maji yalikuwa adimu, vijiji havikuwapo kwa mwendo wa siku nyingi, na mizigo ikatupwa pamoja na watu waliougua. Leo ni lami nzuri kupitia Chaya na Nyahua. Unaweza kuendesha saa nzima ukikutana na magari machache tu, pande zote ni vichaka vya Itigi vilivyoshikamana, kisha miombo. Sijawahi kuona barabara ikinyooka hivyo. Nilizima redio. Tulikuwa kwenye viti laini, na mpwa wangu, ambaye alikuwa usukani, hakuwa amesema neno tangu Itigi. Nilifikiria Wanyamwezi waliobeba pembe na majora kwenye njia hii, na waliokuwa wakiishuka hadi pwani kwa misafara yao wenyewe. Vilevile nilifikiria waliopitishwa wakiwa wamefungwa, ambao hawakuulizwa majina. Pwani yangu ilijengwa pia kwa jasho hilo, na si haki kupita kwa kasi bila kulisema.

Karibu na Nyahua tukakuta wauza asali. Imewekwa kwenye chupa za maji zilizotumika, lebo za kampuni za maji bado zipo. Mama muuzaji hakujali lebo. Alifungua chupa akatudondoshea viganjani, akatuambia ni ya miombo, imevunwa msimu huu. Mpwa wangu alilamba akanitazama.

"Unaona, Mjomba? Hapa chupa inasema maji na hakuna aliyedanganyika."

"Kwa sababu mwenye asali amesimama hapa," nilimjibu. "Akiipeleka Dar es Salaam, nani atasimama pale rafuni kumwonjesha mteja?"

Nina hakika na jibu hilo hadi leo. Asali ya Tabora ni miongoni mwa asali bora nchini, na wafugaji wengi wa nyuki hupunjwa kwa sababu inafika sokoni haina jina lao wala la mahali ilikotoka. Anayenunua kwa jumla huibandika jina lake yeye, na bei nzuri hubaki kwake. Katika nchi inayohangaika bidhaa zake zijulikane, inaniuma kuona kuvua jina kukigeuzwa mtindo.

Shangazi alitupokea Cheyo chini ya mwembe mkubwa. Tabora ni mji wa miembe. Wenyeji husema ilipandwa na watu wa misafara, na ukitembea barabara za zamani utaona ilivyopangwa. Alitulisha ugali, kuku na uyoga, na alipomaliza kuuliza habari za kila mtu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, ndipo akageukia gari na kusikia ubishi wetu kuhusu nembo.

Siku iliyofuata alituagiza kwa jirani yake, mzee aliyefanya kazi karakana ya reli. Mzee yule alitupeleka Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa David Livingstone. Stanley na Livingstone walifika hapo pamoja Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, na Livingstone akangoja wapagazi hadi mwisho wa Agosti, akaenda kusini na hakurudi tena. Tembe lililopo leo limejengwa upya, na ni makumbusho madogo. Mlango wake wa kuchonga unanikumbusha Bagamoyo na Zanzibar. Tulikaa kibarazani, na mzee akatusimulia kuhusu karakana.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu ilipoanza, Wajerumani walifungiwa bahari na Waingereza, sarafu zikawaishia. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, wakagonga sarafu zao: heller za kawaida, na za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Zote ziliwekwa herufi T, alama ya Tabora, kama sarafu za Berlin zilivyowekwa A. Mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likaingia mjini. Watu waliokuwa wamezingirwa, wenye mashine za kukopa na siku za kuhesabu, hawakuacha kuandika kazi hiyo imefanyiwa wapi. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani hutafuta T hiyo ndogo, na ndiyo inayobeba jina la mji huu hadi nchi ambazo hazijasikia habari za Mtemi Isike wala Mtemi Mirambo.

Mpwa wangu alimuuliza mzee moja kwa moja: "Babu, wewe ungeng'oa nembo ya gari lako?"

Mzee hakucheka wala hakumkemea. Alisema kule karakana injini ikiletwa kwa matengenezo makubwa hufunguliwa kila kitu, husafishwa, hupakwa rangi mpya, lakini kibao cha kiwanda hurudishwa mahali pake. Fundi atakayeifungua baada ya miaka ishirini hatakuwa na mwingine wa kumuuliza. Kisha akainama nyuma ya gari, akapitisha kidole kando ya herufi ya H.

"Na hili limepigwa jua miaka mingi," alisema. "Ukizing'oa, chini yake rangi ni mbichi. Utabaki na kivuli cha maandishi."

Hapo alikuwa sahihi, na ni jambo ambalo wenye magari kutoka Japani hawaambiwi. Kwenye gari lililotoka kiwandani jana, nembo ya gundi hung'oka kwa drayi ya saluni na uzi wa mshipi, ukafuta gundi kwa spiriti, ukamaliza. Kwenye gari la miaka kumi au kumi na tano kivuli hubaki, na hakiondoki bila kupiga polishi nzito au kupuliza rangi upya mlango mzima. Nembo nyingine zimeshikwa kwa pini zilizopenya kwenye bati. Ukizitoa unaacha matundu, maji yanaingia, kutu inaanza kutoka ndani ambako huioni.

Tuliamua jioni ile, Shangazi akiwa shahidi. Stika kubwa ya kampuni iliyotuuzia tuliiondoa kwenye kioo cha nyuma kwa maji ya moto, kwa kuwa ile ni tangazo na gari halikuzaliwa nayo. Hapo hoja ya mpwa wangu ilishinda kabisa. Stika za Kijapani za maegesho nazo zikatoka. Namba tukachonga kwenye vioo, site mira na taa tuliporudi Dar es Salaam. HARRIER, 240G na mwewe wa mbele vimebaki. Mpwa wangu bado anaona mlango mtupu unapendeza zaidi, na akinunua gari lake atafanya atakavyo.

Wewe mwenye gari lililotoka bandarini juzi, nakuomba uifikirie njia utakayolipeleka kabla ya kumwita kijana wa drayi. Kama linaishi Masaki na halivuki Kibaha, uamuzi ni wa macho yako. Kama litakwenda Manyoni, Tabora, Urambo na Kigoma, liache na jina lake. Na ukinunua gari mkononi kwa mtu, fungua boneti kwanza, linganisha namba ya chesisi na kadi, kisha zunguka nyuma usome nembo. Zisipokubaliana, usitoe hela.